Sauti Ilifika, Neno Halikufika

 Leo tutazungumza juu ya ndege. Najua wengine watashangaa. Mama aliyetembea siku tatu kwa miguu, mtoto mgongoni na godoro kichwani, ana habari gani na marubani? Ngojeni kidogo, mtaona.

Sababu ni hii. Kwetu, watu wakigombana juu ya ujumbe ulioeleweka vibaya, hakuna anayeweza kurudisha maneno nyuma. Mmoja anasema, "Shefu alisema hivi." Mwingine anasema, "Hapana, alisema vile." Na mashahidi wanafuata upande wa ndugu zao. Lakini ndani ya ndege kubwa kuna chombo kinachotunza sauti zote za marubani, nacho kinalindwa na sanduku gumu lisiloharibika upesi kwa moto. Na kule uwanjani, maneno ya redio nayo yanatunzwa. Ajali ikitokea, wachunguzi wanatafuta sanduku lile na kusikiliza neno kwa neno, sekunde kwa sekunde. Kwa hiyo katika mambo ya ndege tunaweza kuona jambo ambalo katika magomvi yetu hatulioni kamwe: namna neno linavyotoka katika kinywa cha mtu asiye na ubaya, na kufika limegeuka katika sikio la mtu mwingine asiye na ubaya.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Rubani, ambaye wengi tunamwita piloti, haruki wakati anapotaka. Katika kila uwanja mkubwa kuna mnara, na ndani ya mnara kuna waongozaji. Mwongozaji ndiye anayejua ndege gani iko wapi. Rubani anamwomba ruhusa kwa redio, naye anatoa au anakataza. Ndege zote zilizo karibu na mnara zinasikilizana katika njia moja ya redio. Ni kama zile redio za mkononi tunazoziita motorola: mmoja akisema, wengine wanangoja. Wawili wakibonyeza pamoja, wao wenyewe hawajui kama wamegongana. Anayejua ni yule wa tatu anayesikiliza, naye hasikii maneno, anasikia mlio tu. Kumbukeni mlio huo.

Ilikuwa siku ya Mungu, tarehe 27 mwezi wa tatu mwaka 1977, katika kisiwa cha Tenerife. Ni kisiwa cha Hispania, lakini kiko baharini karibu na pwani ya Afrika, upande wa Moroko. Ndege nyingi zilizokuwa pale siku ile hazikupaswa kuwa pale. Zilikuwa zinakwenda kisiwa cha jirani, Gran Canaria, lakini watu waliotaka visiwa vile vijitenge na Hispania walikuwa wametega bomu katika uwanja wa kule, nalo likalipuka. Uwanja ukafungwa, ndege zikatumwa Tenerife, kwenye uwanja mdogo wa Los Rodeos wenye barabara moja tu ya kurukia, ile tunayoiita pisti. Ninyi mnaosoma mnajua vizuri hali hiyo: mahali padogo panapopokea kwa ghafla wageni wengi kuliko nafasi.

Kati ya ndege hizo zilikuwamo Boeing 747 mbili, ndege kubwa kuliko zote za abiria za wakati ule. Moja ilikuwa ya kampuni ya KLM ya Uholanzi, yenye watu 248. Nyingine ilikuwa ya kampuni ya Pan Am ya Marekani, yenye watu 396. Walikaa pale kwa masaa. Uwanja wa Gran Canaria ulipofunguliwa tena, kila mtu alitaka kuondoka upesi. Rubani mkuu wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa na wasiwasi juu ya sheria mpya za Uholanzi zilizokataza marubani kufanya kazi kupita masaa fulani. Masaa hayo yakipita, angelazimika kulala njiani na abiria wote.

Njia ya pembeni, ambayo ndege hupitia kwenda kwenye mwanzo wa pisti, ilikuwa imejaa ndege zilizoegeshwa. Kwa hiyo ndege zililazimika kutembea juu ya pisti yenyewe. Ndege ya KLM ikatangulia mpaka mwisho, ikageuka, ikasimama ikitazama ilikotoka. Ndege ya Pan Am ikafuata nyuma yake kwenye pisti ileile, ikiwa imeambiwa itoke kwenye tawi la tatu la kushoto. Wakati huo wingu likashuka. Uwanja ule uko juu mlimani, mita zaidi ya 600 kutoka baharini, na mawingu hupita chini kabisa. Rubani wa KLM hakuiona Pan Am. Rubani wa Pan Am hakuiona KLM. Mwongozaji juu ya mnara hakuona hata moja, na uwanja ule haukuwa na rada ya kuonyesha ndege zilizo chini. Yalibaki masikio peke yake.

Sasa sikilizeni maneno.

Rubani mkuu wa KLM akaanza kusukuma mashine ili ndege iende. Msaidizi wake akamwambia, "Ngoja, hatujapewa ruhusa." Mkubwa akajibu kwamba anajua, na kumwambia aombe. Msaidizi akaomba kwa redio mambo mawili pamoja: ruhusa ya kuruka, na maelezo ya njia watakayofuata angani. Mwongozaji akajibu moja tu kati ya hayo mawili. Alitoa maelezo ya njia: pandeni hadi kimo hiki, mkiisha kuruka mgeuke kulia. Hakusema "rukeni". Lakini neno "kuruka" lilikuwamo ndani ya maneno yake, na mtu mwenye haraka husikia lile analolingoja.

Msaidizi akarudia maelezo yale ya njia, na mwishoni akaongeza maneno machache kwa Kiingereza cha Mholanzi, ambayo kwa Kiswahili chetu tungeyasema hivi: "Sasa tuko kwa kuruka." Fikirini maneno hayo, "tuko kwa kuruka". Maana yake ni kwamba tumesimama mahali pa kurukia, tunangoja? Au ni kwamba tumekwisha kuanza, tunakwenda? Kwa Mholanzi ilikuwa hii ya pili, maana mkubwa wake alikuwa amekwisha kusema kwa lugha yao, "Tunakwenda," na ndege ilikuwa imeanza kukimbia. Kwa mwongozaji, ambaye ni Mhispania, ilikuwa ile ya kwanza. Wawili hao walikuwa wanatumia Kiingereza, lugha ya kuazima kwa kila mmoja wao, kama vile sisi tunavyokutana mpakani mwa vijiji na kila mmoja anatumia Kiswahili kilicholala juu ya lugha ya mama yake.

Mwongozaji akajibu neno moja: "Okei." Akanyamaza kidogo sana, kisha akaongeza, "Ngojeni kwanza kuruka, nitawaita." Sekunde ileile, marubani wa Pan Am nao wakaogopa, wakabonyeza redio yao na kusema, "Sisi bado tunatembea juu ya pisti." Hapo ndipo ule mlio. Sauti mbili ziligongana. Ndani ya ndege ya KLM walisikia vizuri neno la "Okei", na baada yake mlio wa sekunde kama tatu hivi. Maneno mawili ambayo yangewaokoa watu wote, "ngojeni" na "bado tuko pistini", yalisemwa kwa ukweli, kwa sauti kubwa, kwa wakati unaofaa, na yakafutana yenyewe kwa yenyewe.

Kulikuwa bado na nafasi moja. Baada ya mlio, mwongozaji aliwaomba Pan Am watoe habari wakiisha kutoka pistini, na Pan Am wakajibu kwamba watatoa habari. Maneno hayo yalisikika vizuri ndani ya KLM. Marubani wawili walikuwa wanashughulika na kuongoza ndege inayokimbia. Lakini yule wa tatu, fundi wa mitambo, aliyasikia, akauliza, "Je, yule wa Pan American hajatoka?" Mkubwa akajibu kwa nguvu kwamba ametoka. Msaidizi akanyamaza. Fundi naye hakuuliza tena.

Mkubwa huyo hakuwa rubani hivi hivi. Alikuwa mkuu wa mafunzo ya ndege za aina ile katika kampuni yake, na picha yake ilitumiwa katika matangazo ya kampuni. Miezi miwili kabla ya ajali, yeye ndiye aliyempima msaidizi wake na kumpitisha kuendesha Boeing 747. Sasa wewe, kijana uliyepitishwa mtihani na mtu huyo juzi tu, utamwambia mara ya pili kwamba amekosea? Alikwisha kumzuia mara moja. Tena mkubwa huyo alikuwa amefundisha kwa muda mrefu kwenye mashine ya mazoezi, ambamo mwalimu mwenyewe ndiye anayejifanya mwongozaji na kutoa ruhusa. Huko hakuna kungoja mnara. Mimi naliona jambo hili kuwa zito kuliko ule mlio wa redio, kwa sababu mlio ni bahati mbaya, lakini mtu aliyezoea kujipa ruhusa mwenyewe yuko katika kila kijiji.

Ndege zikagongana juu ya pisti. Katika ile ya KLM hakupona hata mtu mmoja. Katika ile ya Pan Am walipona 61. Waliokufa ni 583, na hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko hiyo.

Baadaye Wahispania walifanya uchunguzi, wakaandika kwamba sababu kubwa ni rubani wa KLM kuruka bila ruhusa. Waholanzi wakatoa maandishi yao, wakisema kwamba watu wote walikuwa wameelewana vibaya, hata mnara. Mnaona? Hata mbele ya kanda ileile ya sauti, kila upande ulisikiliza ukiwa upande wake. Mwishowe kampuni ya KLM ilikubali kubeba mzigo na kulipa jamaa za waliokufa. Na kuhusu wale waliotega bomu: bila bomu lao ndege zile zisingekutana Tenerife, hilo ni kweli. Lakini kujua aliyekufukuza kwako hakutoshi kukueleza kwa nini umegombana na jirani yako katika kambi.

(Muziki mfupi.)

Tuone sasa walibadilisha nini, maana hapo ndipo penye faida kwetu.

Kwanza walilifungia neno. Tangu wakati ule, katika redio za ndege, lile neno la Kiingereza la "kuruka" halitumiwi ovyo. Mwongozaji analitamka wakati mmoja tu, anapotoa ruhusa yenyewe ya kuruka, au anapoifuta. Katika mazungumzo mengine yote, ya njia, ya kujitayarisha, ya kungoja, wanatumia neno lingine lenye maana ya kuondoka. Kwa hiyo rubani asiposikia neno lile, anajua hajaruhusiwa, hata kama ana haraka namna gani.

Mashefu, wakuu wa vitongoji, maprezida wa kambi, na ninyi wa nyumba kumi, nawaomba msimame hapo. Ni maneno gani kwetu yanaweza kukimbiza watu usiku? "Jiandaeni" ni moja. Mtu wa msaada anasema, "Jiandaeni, kesho tunakuja kuhesabu watu." Mama wa hema la mwisho anasikia "jiandaeni" tu, kwa sababu mara ya mwisho aliposikia neno hilo kijijini kwake, nyumba zilichomwa alfajiri. Anafunga vitu, anaamsha watoto, na jirani akimwona naye anafunga. "Kuondolewa" ni lingine. Ukisema, "Watu wa upande huu wataondolewa," mmoja ataelewa kwamba watapelekwa mahali pazuri penye maji, mwingine ataelewa kwamba watafukuzwa ili uwanja urudi kwa mwenyewe. Na "vijana wajiandikishe": kwa kazi ya barabara, au kwa bunduki? Maneno kama hayo mngeweza kukaa pamoja, watu wa kambi na wenyeji wa mahali, mkayachagua, mkayafungia. "Kimbieni" liwe la siku moja tu, siku ya hatari yenyewe. Kama ni kuhesabiwa, semeni "kuhesabiwa". Kama ni kuhama kwa sababu ya mvua na matope, semeni matope.

Jambo la pili walilobadilisha linahusu lile neno "Okei". "Okei" ni jibu la namna gani? Linasema kwamba sauti imefika. Halisemi ni maneno gani yaliyofika. Kwa hiyo amri ya hatari haijibiwi kwa "okei" wala "ndiyo" wala "nimesikia". Rubani anapaswa kurudia maneno yenyewe: namba ya pisti, kimo, "tunangoja" au "tunaruka". Na mwongozaji anapaswa kusikiliza marudio hayo na kusahihisha.

Kusikiliza marudio ni kazi, msifikiri ni desturi tupu. Tarehe 19 mwezi wa pili mwaka 1989, ndege ya mizigo ya Wamarekani ilikuwa inakaribia Kuala Lumpur, katika nchi ya Malaysia. Mwongozaji alitaka ishuke hadi futi 2400. Alizisema tarakimu mojamoja, mbili, nne, sufuri, sufuri. Lakini kwa Kiingereza "mbili" inasikika sawasawa na neno dogo lenye maana ya "hadi". Marubani wakasikia: hadi nne, sufuri, sufuri. Yaani futi 400. Wakarudia kwa redio, "Okei, nne sufuri sufuri." Kosa lilikuwa pale, limesemwa wazi, mbele ya masikio. Mwongozaji hakulisahihisha. Ndege ikagonga kilima, na watu wote wanne waliokuwamo wakafa.

Sisi pia tuna namba zinazodanganya. Mtu anapokea habari kwa Kifaransa kwamba mgao wa chakula ni "deux heures" mchana. Anaitafsiri haraka: "saa mbili". Lakini saa mbili yetu ni asubuhi, jua likiwa bado changa. Watu wanakuja asubuhi, wanakaa juani na watoto mpaka saa nane, njaa inawauma, na mtu mmoja anaanza kusema kwamba chakula kimekwisha kuuzwa mjini. Saa sita za kungoja zinatosha kabisa kuzaa uongo mkubwa. Na wenyeji wa kijiji cha jirani, wanapoona kundi la watu wenye hasira karibu na mashamba yao, nao wanaanza kuwaza yao. Hapo hakuna aliyesema uongo isipokuwa yule wa mwisho, na hata yeye labda alikuwa anakisia tu. Ingetosha mtu mmoja kurudia, "Saa mbili, jua likiwa wapi?"

Nitoke Tenerife niende New York, kwa sababu huko kosa lilikuwa la namna nyingine kabisa, nalo linatuhusu zaidi sisi tuliofundishwa adabu.

Tarehe 25 mwezi wa kwanza mwaka 1990, usiku, ndege ya kampuni ya Avianca ilikuwa inatoka Kolombia kwenda New York na watu 158. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, ndege zilikuwa nyingi, na waongozaji wakaiambia ingoje angani, ikizunguka. Ikangoja mara tatu, jumla zaidi ya saa nzima. Mafuta yakawa yanapungua. Rubani mkuu hakujua Kiingereza vizuri, kwa hiyo msaidizi wake ndiye aliyesema na redio. Msaidizi alisema kwamba wanahitaji kutangulizwa, kwamba wanaweza kungoja dakika kama tano tu, na kwamba hawawezi tena kufika kwenye uwanja mwingine waliouchagua kwanza, maana mafuta yatakwisha. Hayo ni maneno ya kweli. Lakini waongozaji hubadilishana ndege kama watu wanaopokezana mzigo njiani, na yule aliyepokea ndege hakuambiwa habari ya mafuta.

Katika kazi ya ndege kuna maneno mawili ya kuomba msaada, na mtajua mara moja yametoka lugha gani. La kwanza ni "mayday", ambalo ni Kifaransa "m'aidez", nisaidieni. Linasemwa mara tatu, na maana yake ni kwamba tuko katika hatari ya kufa. La pili ni "pan-pan", ambalo limetoka katika "panne", pane ileile ya magari yetu. Maana yake ni kwamba tuna shida ya haraka, ingawa hatujawa katika hatari ya kufa. Rubani akisema "mayday", waongozaji wanaacha mengine yote, wanafungua njia. Msaidizi wa Avianca hakusema "mayday", wala "pan-pan". Alisema "kutangulizwa". Huenda kwa Kihispania, lugha yake, neno hilo lilikuwa na uzito wa kutosha. Kwa mwongozaji wa New York, anayesikia ndege nyingi zikiomba hiki na kile usiku kucha, lilikuwa ombi kama maombi mengine.

Wakajaribu kutua, upepo ukawashinda, wakalazimika kupanda tena na kuzunguka. Rubani mkuu akamwambia msaidizi kwa Kihispania, "Waambie kwamba tuko katika hatari." Msaidizi akasema kwa redio kwamba watajaribu tena, na kwamba mafuta yanawaishia. Akayaweka mwishoni, kama mtu anayeaga. Mkubwa akamuuliza kama amekwisha kuwaambia, naye akajibu kwamba amekwisha. Kila mmoja wao aliamini ujumbe umefika. Mwongozaji akawaeleza kwamba atawapeleka mbali kidogo kabla ya kuwarudisha, akauliza kama hiyo ni sawa kwao na kwa mafuta yao. Msaidizi akajibu, "Nadhani ni sawa. Asante sana."

Dakika chache baadaye mashine zikazima, moja baada ya nyingine, na ndege ikaanguka juu ya kilima kidogo karibu na nyumba za watu, mahali panapoitwa Cove Neck. Walikufa 73, wakapona 85. Moto haukuwaka, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuwaka.

Mama unayempeleka mtoto kwa muuguzi, wewe unasemaje? Nawajua wamama wanaosema, "Mtoto hajisikii vizuri kidogo," na mtoto hajanyonya tangu jana. Wanaona aibu kumsumbua mtu mwenye foleni ndefu. Au mkuu wa familia anaulizwa na mgeni wa shirika, "Mko sawa hapa?" Anajibu, "Tuko sawa, tunashukuru," kwa sababu mgeni hukaribishwa, halemewi na shida siku ya kwanza. Mgeni anaandika: wako sawa. Miezi mitatu baadaye watu wanakasirika kwamba walisahauliwa.

Simlaumu yule kijana wa Avianca peke yake. Angalieni na swali aliloulizwa. Swali linaloweka "sawa" mdomoni mwa mtu litarudishiwa "sawa". Mwongozaji angeuliza, "Mna mafuta ya dakika ngapi?" hapo jibu lisingekuwa na mahali pa kujificha. Ninyi viongozi, mnapopita kwenye mahema, ulizeni: jana mlikula nini, saa ngapi, wangapi hawakula. Na ninyi mnaoulizwa, shida kubwa muiseme kwanza, na shukrani ifuate.

Lugha nayo ilipata sheria yake. Mwaka 1996, tarehe 12 mwezi wa 11, ndege ya Kazakhstan na ndege ya Saudi Arabia ziligongana angani huko India, karibu na Charkhi Dadri, wakafa watu 349. Ndege ya Kazakhstan ilikuwa imeshuka chini ya kimo ilichopewa, na Kiingereza kidogo cha marubani wake kilitajwa katika uchunguzi. Tangu mwaka 2008, shirika la mataifa linalosimamia mambo ya ndege, lenye makao Montréal, linataka marubani wa safari za kimataifa na waongozaji wao wapimwe lugha, kusema na kuelewa. Sisi hatuwezi kupimana hivyo. Lakini tunaweza kuacha kucheka. Mtu anayesema Kiswahili cha kuvunjika akichekwa mara mbili katika baraza, mara ya tatu atasema "ndiyo" hata kama hakuelewa, na "ndiyo" ile itatugharimu wote.

Limebaki moja, lile la fundi aliyeuliza mara moja na kunyamaza. Wataalamu walikutana Marekani mwaka 1979 kulizungumza, na kuanzia mwaka 1981 kampuni moja kubwa ya kule, United, ikaanza kuwafundisha watu wake wote namna mpya: mdogo afundishwe kusema tena, na mkubwa afundishwe kusikiliza. Siku hizi mafunzo hayo yameenea katika makampuni ya dunia. Wazee wengine walikataa mwanzoni, wakiona ni kuharibu heshima. Lakini msidhani mkubwa aliondolewa ukubwa wake. Hata leo, rubani mkuu ndiye mwenye neno la mwisho ndani ya ndege. Kilichobadilika ni kwamba mdogo akiona hatari anapaswa kusema, na asiposikilizwa aseme mara ya pili kwa maneno makali zaidi, wala hataadhibiwa kwa kusema.

Katika komite zenu, nani ni yule fundi? Mara nyingi ni mwanamke anayeandika majina, au kijana anayebeba megafoni. Yeye amepita kwenye mahema yote, ameona kwamba watu wamesikia vingine. Anasema kwa sauti ndogo, "Prezida, wale wa chini labda hawajaelewa." Prezida anajibu, "Wameelewa," na kikao kinaendelea.

Vikundi vya wasikilizaji, juma hili mjaribu jambo moja. Chagueni tangazo la kweli, la maji, la mgao au la shule. Mtu mmoja alipeleke kwa shefu wa kwanza, naye kwa wa pili, mpaka hema la mwisho. Kila anayepokea asijibu "sawa", ayarudie maneno, na aliyetoa amsikilize mpaka mwisho. Kisha mumwite mtu wa hema la mwisho, aseme mbele yenu alichosikia. Kiandikeni karibu na tangazo lenyewe. Kama hayalingani, msitafute kwanza nani alikosea. Tafuteni ni kwenye hema gani neno liligeuka, na mtu wa pale alikuwa anangoja kusikia nini.

Karatasi hiyo mpeni anayewaletea hizi, ataifikisha kwetu. Kwaherini, mpaka juma lijalo.